Anaeli Hakuteleza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunijia hata nisipoiita. Ilikuwa Jumatatu, saa tisa alasiri, nami nilikuwa nimeinama juu ya meza ya ofisi ya karakana mjini Moshi, nimeshika kalamu. Mbele yangu palikuwa na daftari la wafanyakazi, lile tulilokuwa tukiandika nani yupo, nani mgonjwa na nani ameumia. Mwenye karakana alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. Aliniambia niandike kwamba fundi Anaeli aliteleza alfajiri akiteremka kutoka kwake Mwika kuja kupanda basi, akaangukia kichwa. Nikaandika, nikaweka na sahihi yangu. Mwandiko wangu ni mzuri, nilisifiwa nao tangu sekondari, na siku ile haukuharibika hata herufi moja. Nakueleza hivyo mapema usije ukadhani nilishikiwa bunduki.

Anaeli hakuteleza. Alipigwa kichwani na ndoano ya chuma, juu kidogo ya sikio la kushoto, hatua sita kutoka pale nilipokuwa nimesimama, akifanya kazi ambayo mimi mwenyewe nilimwambia aifanye kwa namna ile.

Nakwambia wewe unayeanza kuvaa ovaroli na kuingia chini ya mitambo mikubwa, kwa sababu najua unajiona mzima na unaona wazee tunapenda kutisha watu. Mimi pia nilikuwa mzima. Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na niliwaona wazee wangu hivyo hivyo.

Karakana yetu hapo nyuma ilikuwa mali ya umma. Tulitengeneza matrekta, magreda, na mitambo ya barabara. Kisha ikaja ile miaka ya kuuza mashirika. Siku moja tukaambiwa sasa tuna mwenyewe, anaitwa Bwana Evarist, na kwamba zaidi ya nusu yetu twende nyumbani tukalime. Tukabaki kumi na mmoja. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na niliweza kuandika ripoti, nikafanywa msimamizi. Anaeli alibaki kwa sababu alikuwa fundi kutushinda sote. Alikuwa akisogeza kichwa karibu na injini, anasikiliza, ananusa, kisha anasema, "Silinda ya tatu." Mkifungua mnakuta ni ya tatu kweli. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Mimi ndiye niliyempeleka nyumbani kwetu mara ya kwanza, akamwona mdogo wangu Ndeshi akichuma kahawa, na mwaka uliofuata wakafunga ndoa usharikani.

Bwana Evarist hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Tofauti yake ni kubwa, ingawa kwa aliyeumia ni kitu kimoja.

Helmeti tulikuwa nazo, zilibaki tangu enzi za shirika. Nyingi zilikuwa zimeshapanda mlimani. Ungepita kwenye vihamba vya mafundi, yale mashamba yetu ya nyumbani, ungezikuta zinalishiwa kuku, nyingine zinachumiwa kahawa. Tatu zilizobaki karakana tulizitumia kuwekea nati. Fundi akivaa helmeti wenzake walimwita mkaguzi. "Shikamoo mkaguzi! Umekuja kutuandika?" Basi anaivua, na siku nyingine haivai. Mimi niliyekuwa msimamizi nilicheka pamoja nao. Ningeweza kusema neno moja tu zikavaliwa zote tatu, na sikulisema.

Masika ile mvua zilijaza mchanga kwenye mifereji ya mpunga kule Chekereni. Eskaveta ya kusafishia mifereji, mtambo ambao wengi huuita kijiko, ilikuwa kwetu imelaza mkono chini. Pini moja kubwa ya kwenye mkono ilikuwa imeshikwa na kutu, haitoki. Njia sahihi ilikuwa kuazima kifaa cha kusukumia pini kutoka Arusha, nacho kingefika baada ya siku tatu. Wakulima walikuwa na miche vitaluni, inazeeka. Bwana Evarist akaniuliza kama hakuna njia nyingine. Nikamwambia ipo.

Njia hiyo tuliiita vuta-gonga. Unafunga winchi ya mnyororo kwenye nguzo ya karakana, unatia ndoano kwenye pini, unavuta mpaka mnyororo unaanza kulia, halafu mwenzako anagonga pini kwa nyundo kubwa upande wa pili. Winchi ile ilitengenezwa kunyanyua mzigo kwenda juu. Haikutengenezwa kuvuta kwa pembeni. Nililijua hilo, nilifundishwa chuoni. Lakini tulikuwa tumefanya vile mara nyingi, na kila mara ambayo haikutuumiza niliihesabu kuwa ni ushahidi kwamba ni salama. Mwanangu, hesabu hiyo wengi tunaikosea.

Anaeli alikuwa kwenye mnyororo. Aliupapasa kwa kiganja, akanigeukia.

"Shemeji, huu umekaza kupita kiasi. Tusubiri kifaa."

"Vuta kidogo tu, itaachia."

Aliyeshika nyundo alikuwa Joakimu, mtu wa Kibosho, mdomo wake haukuwa na breki. "Anaeli, kama unaogopa nenda kapike mtori. Pini ikitoka tutakuita uje uione."

"Wewe gonga, maneno ya Kibosho hayatoi pini," Anaeli akamjibu, akicheka, akavuta tena.

Joakimu aligonga mara tatu. Mara ya nne pini ilisogea, ndoano ikaponyoka, ikarudi kwa nguvu zote za ule mnyororo. Anaeli alianguka bila kupiga kelele, kama ovaroli inayoanguka kutoka msumarini.

Alilala pale kiasi cha kusali Baba Yetu mara moja, polepole. Najua kwa sababu niliisali. Damu ilikuwa kidogo tu. Kisha akafungua macho, akatutazama, akauliza, "Basi limefika Himo?"

Joakimu alikuwa amepauka midomo. Nadhani ni kwa hofu ndiyo maana alisema, "Himo ulishapita zamani, mzee. Uko Moshi." Watu wakacheka. Mwingine akasema, "Hebu iangalieni ndoano kama haijapinda! Kichwa cha Mwika hicho!" Tukacheka zaidi. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya mtu akiumia na kuinuka; kicheko kilikuwa namna yetu ya kusema hajafa, turudi kazini.

Tulimkalisha kwenye tairi. Akauliza tena kama basi limefika Himo. Baada ya muda akauliza mara ya tatu, kwa sauti ile ile, kama mtu ambaye hajawahi kuuliza. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya mapipa ya oili, akatapika. Wengine walikuwa wamesharudi kwenye pini. Mimi nilimwona.

Nilikwenda ofisini kumwambia Bwana Evarist kwamba tumpeleke hospitali. Hilo nalisema si kwa kujisifu, maana kwenda kusema na kukubali kurudishwa ni sawa na kutokwenda.

"Anatembea?" akauliza.

"Anatembea."

"Anaongea?"

"Anaongea, bosi, ila anarudia maneno."

"Na wewe ukipigwa kichwani si utarudia maneno?" Akafunga mlango. "Sikiliza. Hospitali watataka PF3. Polisi watauliza ameumia wapi. Ukisema hapa, kesho mtu wa idara ya kazi yuko mlangoni anataka kuona winchi imefungwaje. Imefungwaje?"

Siku zile, ukiwa na jeraha la namna ile, hospitali ilikuwa ngumu kukupokea bila ile fomu ya polisi, na fomu ilikuwa na maswali.

"Wakifunga hapa hawanifungi mimi peke yangu," akasema. "Mko kumi na mmoja. Mpeleke nyumbani akalale. Ni shemeji yako, utamwangalia. Na daftarini tuweke kwamba aliteleza akija kazini."

Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa machache: hapana bosi, tunaenda hospitali. Angenifukuza? Labda. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi, na kila nikilifikiria nakuta kwamba hata angenifukuza, ningekuwa nimefukuzwa tu. Nikachukua kalamu.

Nilipanda naye basi la Mwika jioni hiyo. Njia nzima alilala amelegea begani kwangu, nami nikafurahi, nikasema moyoni kwamba mwenye maumivu makali halali. Leo ningemwona mtu aliyepigwa kichwani analala hivyo ningelisimamisha basi katikati ya barabara.

Ndeshi alitupokea uani. Nikamweleza kwamba mumewe aliteleza asubuhi njiani, akafanya kazi hivyo hivyo, mchana akazidiwa. Alimtazama mumewe kuanzia kichwani hadi miguuni. "Mbona hana tope, kaka? Na njia yote ilikuwa tope leo."

"Alibadilisha nguo kazini," nikasema.

Anaeli hakufa. Kama angekufa wiki ile pengine ningesema ukweli kwa woga. Alilala siku tatu, akaamka, akala, akaanza kutembea. Ila siku ile ya Jumatatu ilikuwa imefutika kabisa kichwani mwake. Hakukumbuka karakana, pini, wala ndoano. Akamwuliza mkewe ilikuwaje, na Ndeshi akamwambia nilivyomwambia. Akaamini. Wiki chache baadaye nilimkuta akiwasimulia wageni, kwa mikono na kicheko, "Nilikuwa pale kwenye mteremko wa baba mkubwa, mguu huu ukaenda huku, mimi nikaenda kule!" Kisha akanigeukia. "Si ndivyo, shemeji?"

Nikasema ndivyo.

Hapo nisimame kidogo. Kumdanganya mtu ni kosa. Lakini kumpa mtu uongo wako aubebe kama kumbukumbu yake, awe anausimulia kwa furaha mbele yako, hilo sijui hata jina lake.

Alirudi kazini baada ya mwezi, na hakuwa Anaeli tuliyemjua. Alikuwa hasikii tena harufu. Alisimama kwenye dizeli iliyomwagika bila kujua. Alichukua spana akasahau alikuwa anaifuata kwa ajili ya nini. Kelele za nyundo zilimfanya ashike kichwa na kutukana, yeye ambaye hakuwahi kumtukana mtu. Mimi nilimfunika. Nilikagua kazi zake nyuma yake, nilikaza alichoacha. Siku moja sikukagua. Trekta likatoka kwetu na nati mbili za gurudumu hazijakazwa, gurudumu likachomoka barabarani karibu na Bomang'ombe. Hakuna aliyeumia. Bwana Evarist akasema Anaeli aende. Barua ya kumwachisha kazi niliiandika mimi, kwa ule ule mwandiko mzuri.

Akarudi kihambani kwake moja kwa moja, na mzigo wote ukawa wa Ndeshi. Mwanga wa jua ulimuumiza, akawa anakaa ndani amefunga dirisha. Watoto wakicheka kwa sauti anapiga meza, halafu baadaye analia na kuwaomba msamaha. Alipogoa kahawa akakata matawi yaliyokuwa na maua. Jumapili moja alisimama katikati ya ibada akaifokea kwaya ipunguze sauti, akatoka nje. Watu walisema ni mbege, na kumbe mbege alikuwa ameshaiacha kwa sababu ilimzidishia maumivu. Walipoona kweli hanywi, wakatafuta neno lingine. Mwanamume mzima, fundi, ghafla anakuwa kama mtoto mbele ya mke wake, anashikwa mkono kwenda shambani, anaambiwa kaa anakaa. Unajua watu husema nini hapo. Wakasema mkewe amemlisha limbwata.

Mwezi wa kumi na moja, Jumamosi asubuhi, Ndeshi aliteremka akaja chumbani nilikopanga mtaa wa Pasua, mjini Moshi. Alikuwa na ndizi za kupika kwenye kikapu. Akakaa kwenye kiti, hakufungua kitenge alichojifunga, nikajua hakai sana.

"Kaka, sikuja kukusalimu tu."

"Sema, mdogo wangu."

"Nilimpeleka hospitali. Daktari akaniuliza kama aliwahi kugongwa na kitu kizito. Nikamwambia aliteleza. Akaniuliza tena. Akasema mtu aliyeteleza kwenye majani na mtu aliyepigwa na chuma hawatazamwi kwa namna moja, nikaulize vizuri." Akanitazama. "Wewe ulikuwa naye. Kazini hakikutokea kitu?"

Nje palikuwa na mwanamke anafua, nasikia maji. Nilikuwa na muda wa kutosha kujibu.

"Hakuna kilichotokea."

"Kweli?"

"Mimi nikudanganye wewe?"

Akatoa ndizi kikapuni moja moja akaziweka kwenye beseni langu, akasema asante, akaondoka kuwahi basi.

Ule uongo wa kwanza niliweza kusema ni wa bosi. Huu ulikuwa wangu mwenyewe. Na sababu yake, mwanangu, wala haikuwa kazi tena. Ilikuwa aibu. Ningemwambia ukweli siku ile, ingenibidi nimwambie pia kwamba kwa miezi saba nilimwona akihangaika nikakaa kimya. Kila siku niliyonyamaza ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi siku iliyofuata.

Desemba, kama ujuavyo, mlima wote unarudi nyumbani, na mambo ya ukoo hungoja mpaka hapo. Siku mbili baada ya Krismasi ukoo wa Anaeli ulikaa mchana uani kwa baba yake mkubwa, nami nikaitwa kama kaka wa mke. Mama mkwe wa Ndeshi alisema mwanawe alitoka pale mzima na akili zake, na kwamba kinachomla kinatoka kwenye sahani. Ndeshi alikuwa amekaa pembeni na wanawake.

Baba mkubwa alikuwa mtu wa haki. Akanyoosha mkono watu wanyamaze, akanigeukia. "Wewe ni shemeji wa kijana wetu, na ndiye uliyekuwa mkubwa wake kazini. Hatutaki kumwonea binti yenu. Ukituambia huyu aliumia kazini, maneno haya yote tunayafuta hapa hapa. Aliumia kazini?"

Kabla sijafungua mdomo Anaeli mwenyewe akasimama, amekunja uso kwa sababu ya jua. "Nimewaambia niliteleza! Shemeji ni shahidi!"

Watu wote wakanitazama. Ndeshi pia akanitazama.

"Aliteleza," nikasema.

Wakaamua Ndeshi arudi kwetu kwa muda, watoto wabaki kwenye ukoo wao. Hakulia. Aliingia ndani akakusanya nguo zake, akatoka, akamwendea mama mkwe wake, yule yule aliyemsema. "Mama, usimwache juani. Na akianza kukunja uso hivi, mwambie akae chini, asisimame. Kichwa kinamzunguka." Kisha akanifuata njiani. Tulitembea mpaka kwetu.

Bila yeye hakuna aliyejua namna ya kumshika Anaeli. Mwaka uliofuata akaanza kuanguka kifafa. Mwaka wa pili, asubuhi moja, alikuwa peke yake akitoka kukata majani ya ng'ombe, kikamshika pembeni ya mfereji wa maji wa kijiji. Alikutwa amelala kifudifudi. Maji yalikuwa hayafiki kwenye kifundo cha mguu.

Karakana wakati huo ilikuwa imeshafungwa. Bwana Evarist aliuza mitambo akaenda kwenye biashara ya mbao, na sote tulikuwa nyumbani. Kwa hiyo siku ya mazishi sikuwa na kazi ya kulinda. Bado nilinyamaza. Ndeshi alisimama nje ya ua wa masale, kwenye barabara, kama mpita njia, kwa sababu mama mkwe alisema hataki akanyage pale. Watoto wake walikuwa ndani wanamwaga udongo kwenye kaburi la baba yao, na yeye anachungulia katikati ya majani. Nilimwona. Nikaenda nyumbani, nikashindwa kula siku tatu, na Jumapili baada ya ibada nikakata jani la isale, nikalifunga fundo, nikaenda kwa baba mkubwa.

Vijana wa siku hizi mnaliona isale kama mmea wa kuwekea mipaka. Kwetu, uliyemkosea ukimpelekea jani lile hawezi kukufukuza, lazima akusikilize. Nilipiga magoti mbele ya baba mkubwa na mama wa marehemu, nikaeleza yote: winchi, pini, ndoano, basi la Himo, kalamu. Mama yake Anaeli alijifunika kichwa kwa kanga. "Nimemfukuza mke wa mwanangu kwa mdomo wako," akasema.

Wakamwita Ndeshi wakamrudisha kihambani kwake, wakamwomba msamaha mbele ya watu. Lakini binti yake mkubwa, wa miaka kumi na miwili, alimwona mama yake anaingia uani akakimbilia nyuma ya bibi. Alikuwa ameambiwa kwamba chakula cha mama ndicho kilichomharibu baba. Ilichukua miezi mingi kabla hajala kilichopikwa na mama yake bila kungoja mwingine ale kwanza.

Mimi nilimpelekea Ndeshi isale lake peke yake. Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe, kaka," akasema. "Ila siku ile nilipokuja kwako na ndizi tulikuwa wawili tu. Bosi hakuwepo. Ukoo haukuwepo. Ungeninong'oneza tu."

Nikainuka, nikaenda zangu.

Sasa nikuusie, mwanangu, na ulichukue hili kama kazi, si kama hadithi. Vaa helmeti hata wakikuita mkaguzi, na ukiwa mkubwa wao uwe wa kwanza kuvaa. Usisimame kwenye njia ya mnyororo uliokaza. Usiufanyishe mtambo kazi ambayo haukutengenezewa, hata kama jana ulikubali. Mwenzako akisema tusubiri, subiri. Pengine mkono wake umehisi kitu ambacho wewe hujaona. Na mtu akipigwa kichwani akazimia hata kidogo, akirudia swali lile lile, akitapika, akiwa na usingizi usio wa kawaida, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anatembea na kucheka, na asiachwe peke yake. Kutembea kwake kusikudanganye. Daktari akiuliza aliumiaje, mwambie kama ilivyokuwa, na wa nyumbani kwake waambie pia, maana wao ndio watakaokaa naye akibadilika. Wasipojua chanzo watatafuta mtu wa kumlaumu, na watampata aliye karibu zaidi.

Ukiambiwa uandike ambalo hukuliona, weka kalamu chini. Kama umeshaandika, kesho yake kafute. Kama kesho imepita, basi kafute leo. Usingoje kama mimi mpaka kuwe na kaburi.

Mungu akulinde kichwa na mikono, mwanangu. Akupe wakubwa wa kazi wanaoogopa kuumiza watu kuliko wanavyoogopa kuchelewa, na asipokupa hao, akupe kinywa cha kuwaambia hapana. Urudi nyumbani kila jioni ukiwa yule yule uliyetoka asubuhi, na watoto wako wakutambue.

Na gharama ya sahihi yangu ya Jumatatu ile ni hii. Rafiki yangu Anaeli alikufa peke yake, akiamini uongo wangu kuwa ni maisha yake. Watoto wake waliishi miaka miwili wakimwogopa mama yao. Na mdogo wangu Ndeshi yu hai, tunaishi umbali wa vihamba vitatu, tunasalimiana, Krismasi tunakula pamoja. Lakini tangu siku ile ya isale hajaniuliza tena swali lolote, hata la kama mvua itanyesha.